Rangi, Masizi na Uchakavu: Ngozi ya Sanamu za Ngoma Kama Ushahidi wa Historia Usukumani, kwa Mwelekeo wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya upakaji rangi na uchakavu wa sanamu za mbao zilizotumika katika ngoma za ushindani za Wasukuma, kwa kuzingatia eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu. Hoja kuu ni kwamba tabaka la rangi, mafuta, masizi, jasho na mikwaruzo lililo juu ya sanamu ni ushahidi wa kihistoria wenye uzito sawa na umbo lenyewe la sanamu. Makala inaonesha kuwa ushahidi huo umekabiliwa na hatari tatu katika karne moja: sheria ya kikoloni iliyozifanya sanamu zishukiwe kuwa zana za uchawi, jukwaa la taifa lililozitaka ziwe safi na mpya, na soko la sanaa la kimataifa lililozitaka ziwe kuukuu kiasi cha kuwapa mafundi sababu ya kuuzeesha mti mbichi. Inahitimishwa kwamba kazi ya kuzisoma sanamu hizi inapaswa kuanzia juu ya ngozi yake kabla ya kuuliza swali la mtindo au kabila.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Unaundwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka upande wa Magu katika Mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mkoa wenyewe ni mchanga, lakini jamii zake ni za kale. Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa ni majina yaliyotajwa katika kumbukumbu za utawala wa kikoloni kama himaya za watemi, wakati Bariadi ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Maswa.

Tofauti hiyo ya umri kati ya mkoa na jamii zake ina athari kwa mtafiti wa sanaa. Sanamu iliyochukuliwa Ntuzu katika miaka ya 1930 haiwezi kuandikwa "Simiyu" katika kadi ya makumbusho, kwa kuwa jina hilo wakati huo lilikuwa la mto tu. Mara nyingi kadi husema "Sukuma", au "Nyamwezi", au majina yote mawili yakiwa yameunganishwa kwa mkwaju. Anayetafuta historia ya sanaa ya Bariadi katika orodha za makumbusho na minada hukuta ukimya. Ndiyo maana swali la makala hii lina umuhimu wa kivitendo: ikiwa maandishi yanayoambatana na sanamu yamenyamaza, je, sanamu yenyewe inaweza kusemeshwa?

Katika makala hii istilahi "ngozi ya sanamu" inatumika kwa maana ya kila kilichopo juu ya mti baada ya fundi kuweka tezo chini: rangi iliyopakwa kwa makusudi, mafuta na dawa zilizopakwa katika matumizi, moshi uliotanda ndani ya nyumba, vumbi la uwanjani, ulaini ulioachwa na viganja, na majeraha ya mchwa, mvua na kuanguka. Baadhi ya mambo hayo hukusudiwa na mengine hutokea yenyewe. Mpaka kati ya makusudi na matokeo ndio kiini cha mjadala unaofuata.

2.0 Sanamu katika Uwanja wa Mbina

Mbina, yaani ngoma, ilikuwa na ingali taasisi kubwa ya maisha ya Wasukuma. Baada ya mavuno, hususan kati ya Juni na Agosti, makundi ya wachezaji yalikutana kushindana. Makundi hayo yalijipanga chini ya jumuiya mbili kuu, Bagika na Bagalu, ambazo mapokeo yanazihusisha na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa ngoma na wa dawa. Kando ya jumuiya hizo palikuwa na vyama vya kazi na uganga: Bayeye waliokamata nyoka na kutibu walioumwa, Banunguli waliowinda nungunungu, na Bagobogobo waliolima kwa kufuata mdundo wa ngoma na majembe.

Kanuni ya ushindi ilikuwa rahisi na kali. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, na watazamaji walikuwa huru kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Aliyevuta umati ndiye aliyeshinda. Manju, yaani kiongozi na mtunzi wa kundi, alilazimika kutafuta kila mwaka kitu cha kuwashangaza watu waliokwisha kuona mengi. Wimbo mpya, mzaha mkali, chatu hai shingoni, fisi aliyefungwa kamba na dawa za mvuto vyote vilikuwa silaha zake. Sanamu ya mbao ilikuwa mojawapo ya silaha hizo.

Sanamu za ngoma za Usukumani zina sifa zinazozitofautisha na vinyago vya kusini mashariki mwa Tanzania. Kiwiliwili kwa kawaida ni kinene na kilichochongwa kwa mapigo machache, bila kusuguliwa hadi kung'aa. Kwa baadhi yake mikono imechongwa peke yake na kuunganishwa mabegani kwa msumari, kamba au ngozi, ili iweze kusogezwa. Meno, nywele au manyoya, shanga na vipande vya nguo viliongezwa. Wachongaji wengi hawakuwa mafundi wa kudumu wa uchongaji. Walikuwa wachezaji, waganga au wakulima waliochonga kwa ajili ya kundi lao.

Sifa hizo zote zina maana moja kiutendaji. Sanamu ilitengenezwa ionekane kutoka mbali, katikati ya vumbi, ikiwa inatembea. Mkunjo mdogo wa nguo uliochongwa kwa ustadi usingeonekana na mtu aliyesimama hatua 40 kutoka ulipo mduara. Kilichoonekana ni kimo, mwendo wa mikono na rangi. Kwa sababu hiyo rangi haikuwa pambo la mwisho lililoongezwa baada ya kazi kukamilika; ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe, na ubao uliochongwa ulikuwa nusu tu ya sanamu.

3.0 Rangi Tatu na Vyanzo Vyake

Maelezo ya mapema zaidi ya kina kuhusu upakaji rangi Usukumani yanahusu kuta. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika aliyezaliwa Vienna, alichapisha London mwaka 1953 kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye. Michoro hiyo ilichorwa ndani ya nyumba za mafunzo, mahali ambapo mwanachama mpya alifundishwa majina, maadui na siri za chama. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, alichapisha kitabu kingine kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Vitabu hivyo viwili vikisomwa pamoja vinaonesha jambo moja: kuta za Bayeye na vinyago vya udongo vya makabila mengine vilitawaliwa na rangi zilezile tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi.

Rangi hizo zilipatikana karibu. Jiolojia ya Usukumani inampa mkulima, na hivyo pia mpaka rangi, udongo wa namna nyingi ndani ya mwendo mfupi kutoka mlimani hadi bondeni. Wasukuma wenyewe wana majina ya kila udongo: luseni kwa udongo wa kichanga, kikungu kwa udongo mwekundu, mbuga kwa udongo mzito mweusi wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi. Nyekundu ilitoka katika udongo wenye kutu ya chuma, nyeupe katika udongo mweupe, majivu au unga, na nyeusi katika makaa na masizi. Ili rangi ishike, ilihitaji kitu cha kuifunga. Samli na mafuta ya nyonyo, ambayo ni mazao ya kawaida ya jamii ya wafugaji na wakulima, yalifaa kwa kazi hiyo, ingawa rangi iliyofungwa kwa mafuta hayo haikauki kama rangi ya dukani. Hubaki laini na huvuta vumbi.

Maana za rangi nazo hazikuwa za kubahatisha. Nyeupe ilihusishwa na baraka na usafi mbele ya masamva, yaani mizimu ya wahenga. Nyeusi ilikuwa rangi ya mawingu ya mvua, na katika nchi ambako mvua ikichelewa mtemi mwenyewe huulizwa, weusi haukuwa alama ya ubaya. Nyekundu ilibeba damu pamoja na nguvu na hatari zake. Msomaji wa leo anayeona sanamu nyeusi na kuihusisha moja kwa moja na shari anasoma kwa kamusi ngeni.

Katika karne ya 20 vyanzo vya rangi viliongezeka. Pamba iliyolimwa Usukumani ilileta fedha, na fedha ikaleta maduka. Duka la mji mdogo liliuza rangi ya mafuta kwenye makopo, misumari ya kiwandani, vitambaa na rangi ya viatu. Sanamu zilianza kubeba buluu na kijani ambazo udongo wa Ntuzu haukuwahi kutoa. Wakusanyaji wa Ulaya walizidharau sanamu za namna hiyo kwa kuziona zimeharibika. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, rangi ya kopo ni tarehe. Rangi nyeupe ya titani, kwa mfano, haikuwapo sokoni kabla ya muongo wa pili wa karne ya 20. Ikikutwa katika tabaka la chini kabisa la sanamu inayodaiwa kuwa ya zama za kabla ya Wajerumani, dai hilo linaanguka.

4.0 Uchakavu Unaotokana na Matumizi

Sanamu ya ngoma ilifanya kazi miezi michache tu kwa mwaka. Muda uliobaki iliwekwa ndani, mara nyingi mahali palepale pa kuhifadhia dawa na vifaa vya kundi, chini ya paa la nyasi lililokolea moshi wa kuni. Kila mwaka iliongeza tabaka jembamba la masizi. Ilipokaribia kutolewa, ilipakwa mafuta na dawa upya, na pengine rangi upya. Hivyo mzunguko wa msimu uliandikwa juu ya mti: rangi, vumbi, masizi, mafuta, kisha rangi tena.

Uchakavu huo una mpangilio. Kiungo cha bega kinachosogezwa hulika ndani ya tundu, na ukingo wa tundu huwa mlaini. Mahali ambapo mchezaji hushika, kwa kawaida kiunoni, nyuma ya mapaja au kwenye kijiti cha chini, rangi hutoweka na mti hung'aa kwa jasho. Mahali ambapo kiganja hakifiki, kama vile chini ya kidevu, ndani ya sikio na kati ya miguu, rangi ya zamani hubaki ikiwa imefunikwa na masizi. Pua, titi na ncha za vidole huvunjika kwanza kwa sababu ndizo zinazotangulia sanamu inapoanguka. Nguo ikivaliwa muda mrefu huacha mpaka: juu ya mpaka huo mti umepauka, na chini yake umehifadhika.

Jambo hili lilieleweka vema na wenye sanamu. Katika uganga, dawa iliyopakwa mara nyingi haikuonekana kuwa uchafu. Ilikuwa limbikizo la nguvu. Kuiosha sanamu ilikuwa kuipunguzia uwezo. Kuipaka rangi upya, kwa upande mwingine, ilikuwa kuiandaa kwa mashindano mapya, kama mchezaji anavyojipaka mafuta kabla ya kuingia uwanjani. Kwa hiyo jamii iliyotumia sanamu ilikuwa na kanuni zake za uhifadhi, nazo zilitofautiana na za makumbusho: kuongeza kuliruhusiwa, na kuondoa kulikatazwa.

5.0 Sheria, Hofu na Kufichwa

Hatari ya kwanza kwa ngozi ya sanamu ilitoka katika sheria. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyofanya umiliki wa zana za uchawi kuwa kosa chini ya masharti fulani. Kwa kosa hilo, kesi ilihitaji kitu kinachoshikika ili isimame. Tatizo lilikuwa kwamba alama za nje za sanamu ya ngoma iliyotumika kwa miaka 20, yaani weusi, mafuta yaliyoganda, nywele, meno na vifungo vya dawa, ndizo hasa ambazo mtu asiyejua matumizi yake angeziona kuwa alama za zana ya uchawi. Kadiri sanamu ilivyokuwa na historia ndefu, ndivyo ilivyomweka mwenyewe hatarini zaidi.

Mahubiri ya dini yalisukuma upande huohuo. Wamisionari wa Afrika walijenga Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Kwa miongo mingi baada ya hapo, mwongofu alitarajiwa kuachana na vitu vya masamva. Si kila kitu kilichomwa. Vingine viliachwa vioze, vingine vilifichwa, na vingine viliuzwa au kukabidhiwa kwa mapadre wenyewe.

Kutoka ndani ya kanisa hilohilo, hata hivyo, ndiko kulikotoka juhudi kubwa ya kwanza ya kuhifadhi. Padri David Clement, mmisionari mzaliwa wa Kanada, alianzisha Bujora, karibu na Kisesa upande wa Mwanza, kituo ambacho kuanzia miaka ya 1950 kilikusanya ngoma, viti vya enzi, majembe na sanamu, na baadaye kikawa Makumbusho ya Wasukuma. Sherehe ya Bulabo, inayofanyika majira ya sikukuu ya Ekaristi, iliyaingiza mashindano ya Bagika na Bagalu ndani ya kalenda ya kanisa. Kwa wakazi wa Bariadi, Maswa na Meatu, Bujora ikawa mahali ambapo urithi wao ulionekana hadharani bila woga. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba urithi huo ulionekana mbali na kwao.

Uhuru ulileta mabadiliko mengine. Mwaka 1962 Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Watemi, waliokuwa miongoni mwa walezi wa ngoma, walipoteza madaraka. Bugobogobo ilipanda jukwaa la taifa na kuwa moja ya ngoma za Kisukuma zinazojulikana zaidi nchini. Jukwaa lina mahitaji yake: muda mfupi, mwanga mkali, mavazi yanayofanana, vifaa vinavyobebeka na vilivyo safi. Sanamu nzito iliyokolea dawa haikuwa na nafasi humo. Kisha katika miaka ya 1970 uhamishaji wa watu kwenda vijijini ulizifanya familia nyingi kuacha nyumba za awali. Kitu kilichokaa darini chini ya moshi kwa kizazi kimoja hakikuwa cha kwanza kupakiwa.

6.0 Soko na Sanaa ya Kuzeesha

Hatari ya hivi karibuni ni kinyume cha zile mbili za mwanzo. Hadi miaka ya 1980 wanunuzi wa sanaa ya Kiafrika Ulaya na Marekani waliitazama Afrika Mashariki kama nchi isiyo na uchongaji wa maana, ukilinganisha na Kongo au Afrika Magharibi. Mtazamo huo ulibadilika haraka. Mwaka 1994 maonesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yalifanyika Berlin na Munich, na katalogi yake, iliyohaririwa na Jens Jahn, ilitolewa kwa Kijerumani na Kiswahili, jina lake la Kiswahili likiwa "Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika". Sanamu za Usukumani na Unyamwezi zilizokuwa zimepuuzwa zikapata bei.

Bei hiyo ilitegemea uchakavu. Mnunuzi wa sanaa ya "kikabila" hulipa zaidi kwa kitu kinachoonekana kimetumika, kwa kuwa matumizi huchukuliwa kuwa uthibitisho wa uhalisi. Palipo na tofauti ya bei kati ya kipya na kikuukuu, fundi hupata sababu ya kukifanya kipya kionekane kikuukuu. Mbinu zake zinajulikana duniani kote: mti hupakwa rangi, kisha hukwanguliwa; hufukizwa moshi; husuguliwa kwa mafuta yaliyochanganywa na masizi au udongo; hufukiwa ardhini au huachwa karibu na kichuguu ili mchwa wamalizie kazi. Katika biashara ya vinyago vya Tanzania kwa jumla, mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi ya viatu na kuuzwa kama mpingo ni hila ambayo hata watalii wameizoea.

Ni rahisi kumlaumu fundi, lakini historia inataka uangalifu zaidi. Fundi huyo anatumia ujuzi uleule ambao mchezaji wa mbina aliutumia: anajua masizi hukaa wapi, rangi hutoka wapi, na jicho la mtazamaji huvutwa na nini. Mashindano hayajaisha, umati ndio uliobadilika. Awali umati ulisimama uwanjani na ulijua kuwa anachokileta manju ni cha kushangaza na kimetengenezwa. Umati wa sasa umekaa mbali, na unalipa kwa sharti kwamba hakikutengenezwa kwa ajili yake. Udanganyifu unazaliwa katika sharti hilo.

Madhara yake kwa utafiti ni makubwa. Sanamu moja iliyozeeshwa ikiingia katika kitabu chenye picha nzuri, huwa kielelezo cha "mtindo wa Kisukuma". Inayofuata hulinganishwa nayo. Baada ya muda, sanamu ya kweli iliyopakwa buluu ya dukani na kundi la Itilima huonekana si halisi kwa kuwa haifanani na ya kughushi.

Sheria ya nchi nayo inaligusa suala hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inatumia mwaka 1863 kama mpaka wa kitu cha kale, na inatenganisha kitu kilichotengenezwa kwa matumizi ya kijamii au kiutamaduni na kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kama pambo. Sanamu nyingi za Usukumani zinazofahamika ni za karne ya 20. Kwa hiyo kinachoweza kuziweka chini ya ulinzi ni uthibitisho kwamba zilitumika. Kwa sanamu isiyo na kadi, uthibitisho huo uko juu ya ngozi yake peke yake. Mtu akiiosha, ushahidi wa kisheria unatoka na maji.

7.0 Namna ya Kusoma Ngozi ya Sanamu

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanaweza kuongoza uchunguzi wa sanamu inayodaiwa kutoka Bariadi au maeneo jirani.

Kwanza ni mfuatano wa matabaka. Katika sanamu iliyotumika kwa misimu mingi, uchafu na rangi hupishana: kuna masizi juu ya rangi, na rangi juu ya masizi. Katika sanamu iliyozeeshwa kwa mara moja, mara nyingi kuna rangi moja chini na uchafu mmoja juu. Nyufa nazo huzungumza. Mti mbichi ukichongwa na kupakwa rangi hupasuka baadaye, na ufa unaotokea huwa mweupe ndani. Rangi ikionekana imeingia hadi ndani ya ufa, basi ilipakwa baada ya mti kukauka na kupasuka.

Pili ni mantiki ya uchakavu. Ulaini unapaswa kuwa mahali pa kushika, na kuvunjika mahali pa kuanguka. Sanamu iliyochakaa sawasawa pande zote haijawahi kushikwa na mchezaji, imesuguliwa.

Tatu ni vipimo vya maabara. Kifaa cha eksirei kinachobebeka hutambua metali zilizomo katika rangi bila kuikwangua. Mwanga wa urujuanimno huonesha viungo vya kisasa ambavyo jicho halivioni. Upimaji wa kaboni haufai sana kwa miti ya kati ya karne ya 17 na katikati ya karne ya 20, lakini majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni ya mnururisho hewani kwa kiasi kinachopimika. Sehemu ya mti iliyokua katika miongo iliyofuata hubeba alama hiyo, na fundi hawezi kuifuta.

Nne, na la muhimu zaidi, ni kumbukumbu za watu. Maabara inaweza kusema rangi ni ya lini, haiwezi kusema ni ya nani. Wazee waliocheza mbina wanaweza kueleza kwa nini bega moja limelika kuliko jingine, au kwa nini kifua kilipakwa upya na uso ukaachwa. Ushahidi wa namna hiyo una muda maalumu. Aliyekuwa na miaka 20 wakati utawala wa machifu unafutwa mwaka 1963 amezaliwa mwaka 1943. Masizi yanaweza kusubiri ndani ya ghala la makumbusho kwa karne nyingine. Watu wanaoweza kuyafasiri hawawezi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba upakaji rangi na uchakavu wa sanamu za ngoma Usukumani una historia yake, yenye vipindi vinavyoweza kutambuliwa. Palikuwa na kipindi ambacho rangi za udongo na dawa ziliongezwa kila msimu kwa ajili ya kuvuta umati. Kikafuata kipindi ambacho weusi uleule ulimfanya mwenye sanamu ashukiwe. Ikaja zama ya jukwaa la taifa, iliyopendelea kilicho safi. Na sasa upo wakati wa soko, ambapo uchakavu umekuwa bidhaa inayotengenezwa kwa wiki chache.

Katika kila kipindi sanamu ilibaki ileile na macho ya mtazamaji yakabadilika. Kwa mkoa kama Simiyu, ambao jina lake halimo katika kadi za makumbusho ya zamani, ngozi ya sanamu ni moja ya nyaraka chache zinazoweza kurudisha Ntuzu, Kanadi na Dutwa katika historia ya sanaa ya Tanzania. Hatua zinazotakiwa ni za kawaida na ziko ndani ya uwezo wa taasisi za ndani: kupiga picha na kuandika hali ya kila sanamu kabla ya kuigusa, kuacha kuosha, kuandika jina la kijiji na kundi la ngoma na kutoishia kwenye jina la kabila, na kuwakutanisha wazee wa Bagika na Bagalu na vitu vilivyomo katika hifadhi. Mkubwa kuliko yote ni uamuzi wa kimtazamo, yaani kukubali kwamba masizi yaliyoachwa na moshi wa nyumba ya mkulima wa Bariadi ni maandishi, na kwamba anayeyafuta ili sanamu ing'ae, au anayeyaiga ili sanamu iuzike, wote wawili wanaharibu nyaraka.